Ng'onda Aliyetolewa Mapema

Mjadala huu ulianzishwa na kandambili. Kijana wa miaka 19, mwenye kisukari tangu akiwa na miaka tisa, alitoka msikitini hapa Shella, Malindi, baada ya sala ya alasiri. Akatembea hatua kama thelathini, ndipo mtoto akampigia kelele kwa nyuma: "Kaka, umeacha kiatu!" Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imemchopoka karibu na ngazi, imelala kifudifudi njiani, na mguu mtupu ulikuwa umekwisha kukanyaga mchanga wenye moto wa siku nzima. Hakuhisi kiatu kikimtoka wala mchanga ukimchoma. Aligeuka akacheka, kama mtu aliyesahau funguo. Babu yake, aliyekuwa barazani, hakucheka.

Wasemaji nimewaita kwa kazi zao, na maneno yao nimeyapanga kwa mkono wangu, kwa kuwa barazani watu husema kwa pamoja na hakuna anayengoja zamu. Nahodha ni babu yake kijana, mzaa baba. Mwalimu alisomesha biolojia sekondari mpaka akastaafu. Sista ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Maabara ni mtu wa maabara, ambaye mtaa mzima humwita daktari kwa sababu ya koti jeupe, naye amechoka kuwasahihisha. Mama yake kijana alikaa kwenye daka, nusu ndani nusu nje. Dele la kahawa lilikuwepo. Kashata zilikuwepo pia, na Sista alizitazama asiseme kitu.

Nahodha: Msinizungushe. Hili ni la ukoo. Babu yangu mimi alikufa na kidonda cha mguu. Baba yangu alikuwa akilala miguu ameitoa nje ya chandarua, anasema inawaka moto. Yangu inawaka vilevile. Sasa huyu mjukuu wangu, mtoto mbichi, hajaoa, hajui kiatu kimetoka. Huo ni urithi kama pua hii. Na msiniambie ni sukari, maana sukari yangu iko sawa. Ile ya miezi mitatu nimepimwa juzi, 6.9. Sista shahidi.

Sista: Nashuhudia 6.9, mzee wangu. Lakini kisukari chako na chake vimekutana jina tu. Chako kilikukuta mtu mzima, mwili una insulini ila haifanyi kazi ipasavyo. Chake kilimjia utotoni. Kinga ya mwili wake ilikosea adui, ikashambulia kongosho, na insulini ikaisha. Wewe ukisahau kidonge siku mbili utaumwa kichwa. Yeye akikosa sindano siku mbili tunamzika.

Mwalimu: Hilo nalo si la kulipitisha haraka, Sista. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote wametajwa kuwa na kisukari kama chake, wote wa sindano. Walipopimwa damu, karibu theluthi mbili hawakuwa na alama yoyote ya kinga iliyoshambulia. Kwa hiyo hata ugonjwa wenyewe huku kwetu huenda una asili nyingine. Ndiyo maana nasema tuanze na damu.

Sista: Awe na alama asiwe nazo, sindano ni ile ile. Na miguu ni ile ile.

Hapa nisimamishe mazungumzo kidogo kwa ajili ya neno. Kiswahili chetu kina neno moja, mshipa, na tumelipa kazi nyingi kupita kiasi. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, mshipa ni ukano wa nyama, na mzee akisema "nina mshipa" huenda ana ngiri. Mgonjwa anaambiwa kliniki kwamba sukari inaharibu mishipa, anarudi nyumbani anapima presha. Tunachozungumza hapa ni neva, nyuzi zinazobeba habari kutoka ngozini mpaka kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ndefu kuliko zote hutoka chini ya mgongo hadi ncha ya kidole gumba cha mguu, karibu mita nzima kwa mtu mzima. Uzi mrefu namna hiyo hulishwa na vijishipa vidogo vya damu njia yote, na sukari ikizidi kwa miaka, vijishipa huziba na uzi wenyewe hujaa takataka ya sukari isiyotumika. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni ikapanda kama soksi, na ndiyo maana warefu hupatwa upesi kuliko wafupi. Kijana wetu ni mrefu. Alirefuka katika miaka miwili, akampita baba yake.

Mwalimu: Sasa nisikilizeni. Mimi sisemi ni kudura tu, nasema ni jeni. Kule Boston kuna taasisi ya Joslin, inatoa nishani kwa mtu aliyeishi na kisukari cha sindano miaka 50. Waliwachunguza hao wenye nishani, wakakuta si wachache wenye macho mazima, figo nzima, neva nzima. Na si wote waliokuwa watakatifu wa kujipima. Upande wa pili kuna mtoto wa miaka kumi na tisa, ganzi imefika kwenye kifundo. Kama ni sukari peke yake, mbona haigawi sawa? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipekua jeni za wagonjwa kwa maelfu, wakakuta kwenye kromosomu ya pili, jirani na jeni za milango ya sodiamu ambayo neva hutumia kupitisha habari, pana tofauti ndogo inayowakinga baadhi ya watu wasipatwe. Neva nazo zimezaliwa tofauti, kama nywele.

Sista: Na mimi nikupe yangu. Kuanzia mwaka 1983 mpaka 1993, Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha sindano, mdogo wao ana miaka 13. Wakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja sindano moja au mbili kwa siku kama ilivyokuwa desturi, fungu la pili sindano tatu au zaidi, au pampu, na kujipima mara kwa mara, wanaishusha sukari kadiri wawezavyo. Kuharibika kwa neva kulipungua kwa asilimia 60. Sitini, Mwalimu! Jeni zao hazikuguswa. Kilichobadilika ni sukari. Sasa hako kajeni kako ka kromosomu ya pili kamepunguza asilimia ngapi?

Mwalimu alinywa kahawa. Kwa mtu aliyesomesha miaka thelathini, kunywa kahawa ni jibu.

Nahodha: Lakini huyu anajidunga. Mimi namwona. Alfajiri kabla ya sala, usiku kabla ya kulala, na kila akila.

Mwalimu: Asante, Nahodha. Hapo ndipo ninapomtaka Sista. Kipimo chake cha miezi mitatu ni ngapi?

Sista: 7.2.

Mwalimu: Na lengo?

Sista: Tunataka 7 kushuka chini.

Mwalimu: Kwa hiyo yuko mlangoni. Mara ya mwisho?

Sista: 7.3. Kabla ya hapo 7.1.

Mwalimu: Basi hesabu inajifanya yenyewe. Sukari nzuri, neva mbovu. Kama si matunzo, ni nini kilichobaki isipokuwa damu aliyozaliwa nayo?

Nakiri kwamba kwa wakati huo nilikuwa upande wa Mwalimu. Hoja ilikuwa imekaa kama ufunguo kwenye kufuli. Sista alianza kusema kwamba mambo haya si nadra kama tunavyodhani, kwamba huko Marekani walipochunguza vijana wenye kisukari, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017, walikuta asilimia 7 ya wale wa sindano na asilimia 22 ya wale wenye kisukari cha aina ya pili wameshaanza kuharibika neva, wengi hata hawana habari. Lakini alikuwa akisema kama mtu anayetafuta muda. 7.2 ilikuwa imemfunga mdomo. Halafu kijana, ambaye tangu mwanzo alikuwa akizungumzwa kana kwamba hayupo, akatoa daftari mfukoni.

Kijana: Sista, naomba kusema. Mimi hiyo 7.2 siielewi.

Sista: Huielewi vipi, mwanangu? Ni nzuri.

Kijana: Ndiyo, kila nikija mnaniambia nzuri. Lakini mimi najipima kwa mashine yangu, mara mbili kwa siku, vijikaratasi nanunua kwa pesa za kubeba samaki pwani. Kuna siku asubuhi 9, usiku 12. Kuna siku 8 na 11. Siku nilizopata 6 nahesabu kwa vidole. Juzi nilikaa nikajumlisha siku sitini zote nikagawanya. Nimepata 10.2. Nikasema labda mashine yangu ni mbovu. Nikanyamaza.

Nahodha: Kwa nini ukanyamaza?

Kijana: Babu, mtu akipongezwa atabisha?

Sista alilichukua daftari akalifungua. Niliona anachokitafuta, kwa maana kila muuguzi wa kliniki za vijana anakijua: daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja, tarakimu zote 6 na 7, hakuna doa la damu wala la chai. Hili lilikuwa na kalamu tatu, tone la damu kavu pembeni, na ukurasa mmoja ulinuka samaki. Na tena, kama kijana alivyosema baadaye kwa uchungu kidogo, vijana hudanganya ili sukari ishuke. Nani atadanganya ipande?

Maabara, aliyekuwa amekaa kimya akichezea kikombe, aliinama mbele.

Maabara: 7.2 ingetakiwa kuwa na wastani wa 8.9 hivi. 10.2 ni ya mtu mwenye 8. Tofauti ni kama 0.8. Mashine yako ilinganishwe na yetu, lakini sidhani ni mbovu. Nahodha, umewahi kukausha ng'onda?

Nahodha: Waniuliza mimi?

Maabara: Samaki akikaa kwenye pipa la chumvi wiki nzima, ukamwonja, utajua pipa lilikuwa na chumvi ngapi?

Nahodha: Karibu na kujua.

Maabara: Na ukimtoa siku ya pili?

Nahodha: Atakuwa dufu. Hakukolea.

Maabara: Utasema pipa halikuwa na chumvi?

Nahodha: Niseme kwa nini? Nimemtoa mapema mwenyewe.

Maabara: Basi ile ya miezi mitatu ndiyo hiyo. Watu wanadhani inapima sukari. Inapima sukari iliyokwisha kujibandika juu ya himoglobini ndani ya seli nyekundu za damu. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, na sukari hujibandika polepole, siku hadi siku, kama chumvi inavyoingia kwenye nyama. Kipimo kinaamini kwamba samaki wote wamekaa pipani muda mmoja. Ikiwa seli za mtu zinakufa kabla ya siku zake, kipimo kitaonja samaki dufu kisha kitatangaza pipa halina chumvi. Tarakimu itashuka. Sukari haikushuka.

Sista: Na mtu ambaye seli zake hufa mapema...

Maabara: Huku kwetu ni wengi, Sista. Malaria ndiyo iliyowachagua.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Huu ulikuwa uwanja wake, na hakuna aliyeweza kumzuia tena.

Mwalimu: Allison! Anthony Allison, mzungu aliyekulia hapa hapa Kenya. Mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu, akaona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye chembe ya selimundu wanapita mmoja kati ya watano, na huko bara kwenye baridi karibu hakuna. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba chembe moja ya selimundu humkinga mtu na malaria. Niliwafundisha watoto jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka nilisimama hapo hapo, kwenye malaria.

Maabara: Na hiyo chembe moja ya selimundu, mtu akiwa nayo na afya yake nzima, kipimo cha miezi mitatu humpunguzia kama 0.3. Lakini kuna ndugu yake asiyesemwa sana. Kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kinazilinda seli nyekundu zisiunguzwe na kemikali. Asiye nacho cha kutosha, seli zake hufa kabla ya kuzeeka. Waligundua Marekani mwaka 1956, baada ya kuwapa wafungwa dawa ya malaria iitwayo primakwini, wafungwa weusi kadhaa damu ikapasuka mishipani. Mwaka 2017 wakaja kuipima ile ya miezi mitatu kwa Wamarekani weusi. Wanaume wenye upungufu huo, wa aina ile ile ya Kiafrika, tarakimu yao iko chini kwa 0.8 bila sukari kushuka hata chembe. Na aina hiyo ndiyo iliyopo hapa. Hapo Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, walipima watoto wa kaunti hii hii yetu, wakatoa matokeo mwaka 2015.

Sista alikuwa bado ameshika daftari.

Sista: Nimeandika "vizuri sana" kwenye faili yake mara tatu. Kwa kalamu ya kijani.

Hakuna aliyemjibu, na mimi nadhani hapakuwa na haja. Miongozo anayofanyia kazi imesimama juu ya ule utafiti wa watu 1,441, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi kati yao walikuwa wazungu. Rula ilichongwa kule, ikapimiwa kule, ikaletwa kwetu ikiwa na alama zake. Kwa wengi wetu inasoma sawasawa. Kwa wengine inasoma fupi, na hakuna anayeona, kwa sababu kosa lake linakuja limevaa sura ya habari njema. Sukari ikisomeka juu, mtu huitwa, huulizwa, huongezewa dawa. Ikisomeka chini hupewa mkono.

Mwalimu: Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Ni jeni.

Sista: Ulikuwa sahihi kwa njia ya panya, Mwalimu. Hukusema jeni ya kipimo, ulisema jeni ya neva. Sukari yake ni mbaya, neva zinaharibika kwa sukari mbaya, kama nilivyosema.

Mwalimu: Na nani aliyeificha sukari mbaya? Jeni. Tena nikuongezee. Mwaka 2024 walichunguza maaskari wastaafu wa Marekani. Wanaume weusi wenye kisukari na upungufu huu wa G6PD walipatwa na macho na neva zaidi ya wenzao. Wakakadiria kwamba asilimia 9 ya wagonjwa wa neva miongoni mwa watu weusi huenda inatokana na jeni hiyo moja. Na kimeng'enya chenyewe kazi yake ni kuzuia seli zisiunguzwe. Je, kama neva nazo zinakikosa? Labda jeni inamdhuru mara mbili, mara moja kwa kuficha na mara ya pili kwa mkono wake.

Maabara: Yaweza kuwa yote mawili. Lakini la kuficha tunaweza kulitibu kesho asubuhi. Kuna kipimo kingine, fruktosamini, kinatazama protini za kwenye maji ya damu, kinasoma wiki mbili tatu, hakijali seli nyekundu ziliishi siku ngapi. Na kuna daftari hili, ambalo limekuwepo muda wote.

Kijana: Miezi tisa.

Nahodha: Ngojeni kwanza. Hii ya seli kufa mapema, yeye kaipata kwa nani? Maana sisi hatuna ugonjwa wa damu.

Maabara: Iko kwenye kromosomu X, mzee. Mwanamume anayo moja tu, naye hupewa na mama yake. Baba hampi mwanawe wa kiume X hata siku moja.

Nahodha aliegemea ukuta kama mtu aliyetua gunia.

Nahodha: Basi si kwetu! Ni za kina mamaye!

Kwenye daka kukawa na mshindo mdogo wa bakuli kuwekwa chini.

Mama: Ami, mimi sikutaka kuingilia. Lakini nina la kuuliza. Watu hapa mtaani wamenisema miaka kumi kwamba mwanangu ameugua kwa kuwa mimi na babake ni watoto wa ndugu wawili. Kwamba tumeoana wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli?

Sista: Si kweli, dada. Kisukari chake kinahusu jeni nyingi, na si za kuoana. Hata pacha wa kufanana, wenye damu moja, mmoja huugua na mwenzake akakaa miaka mingi mzima. Na hii ya X, ungeolewa na mtu wa Lamu au wa Vanga, kama unayo wewe ungempa.

Mama: Alipozaliwa alikuwa manjano kama bizari, akalazwa chini ya taa siku tatu. Na marehemu baba yangu aliwahi kupewa dawa ya malaria, mkojo ukawa kama kahawa hiyo mnayokunywa. Hakuna aliyetuambia ni kitu kimoja.

Maabara: Sijampima, kwa hiyo siapi. Lakini kama marehemu alikuwa nayo, wewe unayo, lazima, kwa sababu mwanamume humpa kila binti yake hiyo X yake moja. Wewe unayo moja yenye upungufu na moja nzima. Na huko Kilifi walikuta jambo la ajabu. Waliokingwa na malaria kali hawakuwa wavulana wenye upungufu kamili. Walikuwa wasichana wa nusu kwa nusu, kama wewe.

Mama: Kwa hiyo niliyekingwa ni mimi.

Maabara: Yaelekea.

Mama: Na anayelipa ni yeye.

Hapo palikuwa na kimya ambacho hata muuza kahawa alikiheshimu. Kijana ndiye aliyekivunja, kwa swali la mtu anayetaka kujua kesho anafanya nini.

Kijana: Sasa niongeze sindano? Nishushe mpaka 6 mwezi huu?

Sista: Taratibu, tafadhali. Ukishusha sukari kwa ghafla, neva zilizokuwa zimelala huamka zikapiga kelele. Miguu inawaka usiku, shuka ikigusa unaruka. Wapo vijana walioacha insulini kwa maumivu hayo wakidhani ndiyo inayowaunguza. Tutapandisha dozi hatua kwa hatua, kwa kufuata daftari, na ile ya miezi mitatu tutaiweka pembeni kama mgeni ambaye hatujamwamini. Na miguu nitaipima kila ukija. Nina uzi mgumu wa plastiki, unapinda ukibonyezwa kwa gramu 10, unafumba macho unaniambia umeguswa wapi. Na nina chuma cha ncha mbili, ukikigonga kinatetemeka, unaniambia kimenyamaza lini. Havijui seli zako zimeishi siku ngapi, na havijali. Ilitakiwa nikufanyie tangu miaka mitano ya ugonjwa. Niliona 7.1 nikakuruka, nikasema tuwape nafasi wenye 11.

Mwalimu: Na kipimo cha jeni? Tutoe damu.

Sista: Pesa hiyo hiyo inanunua vijikaratasi vya miezi.

Mwalimu: Na mwakani akija muuguzi mwingine, akaona 7.2 akaandika vizuri sana kwa kijani?

Hili halikuamuliwa. Mwalimu anaona damu isipopimwa na kuandikwa, ukweli utahama na Sista siku atakayohamishwa kituo. Sista anaona kijana anahitaji kujua sukari yake ya leo usiku zaidi ya jina la jeni yake. Mimi nimelala na hoja zote mbili na sijapata ya kuitupa. Maabara alisema kipimo cha kimeng'enya chenyewe, si cha jeni, ni cha bei nafuu kidogo, ila akaonya kwamba kisifanywe mara tu baada ya homa kubwa au damu kupasuka, kwa kuwa seli changa hudanganya. Wakaanza kubishana juu ya hilo nalo.

Kijana alikuwa ameomba kalamu. Kwenye kadi yake ya kliniki, pale penye nafasi ya kipimo cha miezi mitatu, palikuwa pameandikwa 7.2. Akaweka mkwaju, akaandika 10.2, akapuliza wino ukauke.

Nahodha alikuwa akimtazama. Muda ulikuwa umepita hajasema kitu, jambo ambalo kwa Nahodha ni hali ya hewa ya kuogopesha. Alikuwa amevua makubadhi yake na anasugua kisigino kwenye saruji, taratibu, kama anayejaribu kama kipo.

Nahodha: Sista. Ile yangu ya 6.9.

Sista alikwisha kufika huko kabla yake, nikaona usoni. Hakujibu. Alimtazama mama kwenye daka, kisha akamtazama mzee.

Sista: Wewe na marehemu ndugu yako, babake huyu, mlikuwa mama mmoja?

Nahodha: Tumbo moja.